Ping mbovu haihalalishi skripti

Ukizungumza skripti, zile programu zinazoona na kubonyeza badala ya mchezaji, na vijana wa Mtwara wanaocheza gemu za mkakati mtandaoni, hukawii kukutana na utetezi mmoja, na mimi huusikiliza vizuri kwa sababu haujakaa kijinga. Unahusu ping, yaani milisekunde ambazo ishara hutumia kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, na unakuja hivi: "Kaka, ninayepambana naye yuko Johannesburg, ping yake kumi na tano. Mimi niko Chuno, natumia hotspot ya simu, ping mia na themanini, na jioni watu wakirudi nyumbani inapanda. Yeye akibonyeza, kitu kinatokea. Mimi nikibonyeza, nasubiri. Skripti hainipi ushindi, inanirudisha tu tulipo sawa."

Wengi wanaokemea uchakachuaji hawaijibu hoja hii. Wanasema kuchiti ni kubaya, basi, mjadala umefungwa. Lakini kijana hakusema kuchiti ni kuzuri. Amesema uwanja haukuwa sawa tangu mwanzo, na hoja ya namna hiyo inajibiwa kwa hesabu.

Tuanze na anachosema kweli. Ishara ndani ya kebo ya faiba husafiri takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Dar es Salaam hadi Johannesburg, ukiweka rula kwenye ramani, ni karibu kilomita 2,500; kwenda na kurudi 5,000. Kwa hiyo hata kebo ingenyooka kama uzi, hakuna kampuni ya simu inayoweza kukupa ping chini ya 25 kutoka Dar hadi seva iliyoko huko, na gemu la Dota 2 lina seva zake Afrika Kusini. Sisi wa Mtwara, ambao kwenye ramani tuko karibu na Afrika Kusini kuliko walivyo wa Dar, hatufaidiki na ukaribu huo: kebo kubwa za baharini, SEACOM na EASSy, zinatua Dar es Salaam, kwa hivyo data yetu inapanda kaskazini kwanza ndipo ianze safari ya kusini. Ongeza mnara wa simu, ongeza foleni ya watu wanaotazama video kwenye mnara huohuo. Na tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilipopata hitilafu baharini kwa mpigo, intaneti iliyumba nchi nzima, gemu likawa jambo la mwisho mtu kulifikiria. Ping 180 ya Chuno si kisingizio cha uvivu.

Sasa tupige hesabu. Mtu mwenye afya akiona kitu kwenye skrini na kubonyeza hutumia milisekunde kama 200 hadi 250. Tuchukue 220. Yule wa Johannesburg: 220 za mwili wake na 15 za mtandao, jumla 235. Wa Chuno bila skripti: 220 na 180, jumla 400. Wa Chuno mwenye skripti, ambayo kuona na kujibu haihitaji hata milisekunde kumi: 190. Zitazame tena namba hizo. Aliomba arudishwe sawa, amepitilizwa. Sasa mwenzake ndiye aliye nyuma kwa milisekunde 45, na hana habari.

Hiyo bado ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa iko kwenye daraja la mchezaji.

Gemu za ushindani za aina hii hupanga wachezaji kwa alama, zile ambazo wachezaji wanaziita MMR, na mzizi wa mfumo huo ni kazi ya Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambaye kipimo chake cha wachezaji wa chesi kilipokelewa na FIDE mwaka 1970. Ukimfunga aliyekuzidi alama, unapanda sana. Ukifungwa na uliyemzidi, unashuka sana. Ukicheza mechi za kutosha unatulia mahali ambapo unashinda karibu nusu na kupoteza karibu nusu. Mfumo hauulizi umefungwa kwa nini. Umeme ulikatika? Bando liliisha dakika ya thelathini? Kipanya kinaruka? Ping? Vyote vimeshaingia kwenye alama zako. Alama 2,000 za kijana wa Chuno ni zake yeye pamoja na hotspot yake, pamoja na TANESCO, pamoja na mdogo wake anayeomba simu katikati ya mechi.

Kwa maneno mengine, ping yake imeshahesabiwa. Imemshusha daraja, na kwa kumshusha imemtafutia wapinzani wanaolingana naye. Anawakuta nani hapo alipo? Anamkuta kijana mwingine wa Rahaleo, Lindi, mwenye mtandao uleule mbovu na kompyuta ya kuazima. Anamkuta mtoto wa Nairobi mwenye ping nzuri lakini hajui wakati wa kurudi nyuma. Anamkuta baba wa Durban mwenye faiba nyumbani na vidole vizito. Kila mmoja ana pengo lake, na jumla zao zimelingana. Ndiyo maana mfumo umewakutanisha. Yule wa Johannesburg mwenye kila kitu, ping 15 na mikono myepesi na akili ya mchezo, yuko juu sana, hawakutani. Na akikutana na wa Johannesburg, ajue huyo naye ana upungufu uliomshusha hadi pale.

Basi siku anayowasha skripti, anayeibiwa kwanza ni yule wa Rahaleo. Anaibiwa na jirani yake, kwa kisingizio cha mtu wa mbali.

Kuna jambo moja kwenye malalamiko yake linabaki limesimama: pengine akili yake inastahili daraja la juu kuliko alilopo. Nakubali, na ni uonevu. Lakini ni uonevu wa kampuni ambazo zinachukua fedha za wachezaji wa Afrika Mashariki bila kuweka seva Afrika Mashariki, na kelele zake zipelekwe huko.

Tuache namba tuangalie mechi yenyewe. Kuna chumba cha kompyuta maeneo ya Ligula ambacho mchana ni cha kuchapa na kutoa kopi, na usiku ni cha gemu. Mwenye chumba alinifungulia rekodi ya mechi ya Dota 2 iliyokuwa imezua ugomvi. Rekodi za gemu hili zinakuruhusu kutazama kwa jicho la mchezaji mwenyewe: unaona kamera yake imeelekea wapi na mshale wa kipanya chake unatembeaje. Tukapunguza kasi. Kamera ya mtuhumiwa ilikuwa kwake, mshale uko dukani, anachagua kitu cha kununua. Mbali kidogo, nje ya skrini yake, adui anatumia Blink Dagger kuruka kutoka mitini na kumtokea mgongoni. Kabla adui hajamaliza hata kusimama, amekwisha kugeuzwa mnyama mdogo asiyeweza kupiga wala kutumia uwezo wake. Yaani shujaa wa mtuhumiwa ametumia Scythe of Vyse, kwa mtu sahihi, huku mshale bado uko dukani. Mkono ulikuwa unanunua. Nani alipiga?

Tukasogeza mbele. Mara ya pili, ya tatu, ya nne, muda uleule kati ya kuruka na kugeuzwa. Hilo ndilo lililonishinda kulitetea, kwa sababu mtu akiwa hodari namna gani, mikono yake inatofautiana: leo anawahi, sasa hivi anachelewa, mara nyingine anamgeuza asiyehusika kwa hofu. Hofu hiyo ni sehemu ya mchezo. Mchezaji mzuri wa upande wa pili huicheza: anaanza kutoa shambulio kisha analikatisha, ili wewe ushtuke utumie kinga yako bure, ndipo aingie kweli. Ni chenga kama ya mpira. Skripti iliyotengenezwa vizuri haishtuki, kwa hiyo haipigwi chenga, na tawi zima la ujuzi linakufa.

Wapo wanaosema vidole si mkakati, mkakati ni akili, kwa hiyo skripti inayosaidia vidole haigusi kiini cha mchezo. Hoja hiyo ilijaribiwa hadharani na watu wenye uwezo kuliko muuza skripti yeyote. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, AlphaStar, imewafunga wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, TLO na MaNa, tano bila kila mmoja. Kwa wastani programu haikuwa na haraka kuliko binadamu. Lakini vita vilipopamba moto iliweza kupandisha vitendo vyake hadi zaidi ya 1,000 kwa dakika, vyote vimelenga, na ilikuwa inaona kila sehemu ya ramani iliyo wazi kwake bila kuhamisha kamera. Watazamaji walilalamika kwamba wameonyeshwa mikono, hawajaonyeshwa akili. Toleo lililolazimishwa kuhamisha kamera kama mtu lilipambana na MaNa moja kwa moja siku ya tangazo, na MaNa akashinda. Matoleo yaliyofuata, yaliyofika daraja la Grandmaster na kuandikwa kwenye jarida la Nature Oktoba mwaka huohuo, yaliwekewa kikomo cha vitendo na kamera. Maabara yenye fedha za Google ilikubali kwamba mikono na akili katika gemu hizi vimesukwa pamoja, ukitoa kimoja unapima kitu kingine. Kijana wa Chuno hana sababu ya kuwa mgumu kuliko wao.

Skripti ya mikono, hata hivyo, ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni ya macho, yaani kupiga chabo.

Gemu za mkakati zinaishi kwa ukungu: huoni jeshi la mwenzako mpaka upeleke mtu wa kupeleleza. Sasa, ukungu huo uko wapi hasa? Kwenye gemu za zamani ulikuwa rangi tu juu ya kioo. Age of Empires ya mwaka 1997 ilitakiwa ichezwe kwa modemu za wakati ule, za kilobiti 28.8 kwa sekunde, ambazo zisingeweza kubeba habari za askari 1,500 kila mara. Watengenezaji wake, Paul Bettner na Mark Terrano, walieleza mwaka 2001 walivyofanya: kila kompyuta inaendesha mchezo mzima yenyewe, na kinachopita kwenye waya ni amri tu. Nimemwambia askari huyu aende pale, basi. Kompyuta zote zinapiga hesabu ileile na kupata jibu lilelile. Ni ufundi mtamu kwa mtandao dhaifu, na hadi leo gemu nyingi za majeshi makubwa zinautumia. Lakini maana yake ni kwamba kompyuta yako inajua kila kitu alicho nacho adui, imeombwa tu isikuonyeshe. Programu ndogo inayosoma kumbukumbu ya kompyuta inaufuta ukungu, na seva haina namna ya kuona kwamba umefutwa, kwa sababu hakuna kilichobadilika upande wake.

Mtu wa Mtwara anaweza kulielewa hili haraka kupitia korosho. Kwa miaka mingi wanunuzi kwenye minada ya vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU waliandika bei zao kwenye barua, barua zikaingia sandukuni, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024 kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa kidijitali wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Ubora wa sanduku tusiujadili hapa, watu wana yao ya kusema. Lakini hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba kila mnunuzi apewe nakala ya bei za wenzake ndani ya bahasha, kisha aapishwe kwamba hataifungua. Age of Empires ilifanya hivyohivyo, kwa kulazimika.

Dota 2 na League of Legends zilichagua njia ya sanduku. Mchezo unaendeshwa na seva, na adui aliye kwenye ukungu hatumwi kwenye kompyuta yako hata kidogo. Skripti haiwezi kusoma kisichokuwepo. Ndiyo maana kwenye gemu hizo wizi mkubwa umehamia mikononi, na kwenye mabaki: vipande vya taarifa ambavyo programu ya mchezo inavitumia ndani kwa ndani bila kuvionyesha. Februari 2023 kampuni ya Valve ilitangaza mtego iliokuwa imeutega hapohapo. Kwenye toleo jipya la Dota 2 iliweka sehemu ya data ambayo mchezo wa kawaida hauisomi kamwe. Anayeweza kuigusa ni programu ya kuchiti peke yake. Ikasubiri. Kisha ikafungia akaunti zaidi ya 40,000 kwa mpigo, nyingine za watu waliokuwa wanajiona wajanja kwa muda mrefu.

Naupenda mtego ule kwa sababu haukumpekua mtu asiye na hatia. Haukuhitaji kujua faili zako, wala kuingia ndani ya Windows yako. Uliwangoja wezi kwenye chumba ambacho mgeni mwema hana njia ya kufika. Na kule kusubiri kuna maana: ukimfungia mtu papo hapo, muuza skripti anajua ni mstari gani umemponza, kesho anauza toleo jipya. Ukiwafungia wote siku moja, hajui aanzie wapi.

Linganisha na njia nyingine inayoshika kasi, ambayo kwetu huku ina madhara yake. Riot Games ilianza kutumia Vanguard mwaka 2020 kwenye Valorant, na mwaka 2024 ikaiingiza League of Legends. Hii ni programu ya ulinzi inayoishi kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo programu inaweza kuona na kugusa karibu kila kitu ndani ya mashine, na inaamka pamoja na kompyuta hata kama huchezi siku hiyo. Kwa kijana wa Ulaya mwenye kompyuta ya gemu chumbani kwake, hayo ni makubaliano kati yake na kampuni. Kwa chumba cha Ligula mambo ni mengine. Kompyuta ileile inayochezewa usiku, asubuhi mwanafunzi anaijazia maombi ya mkopo wa HESLB, mwalimu anaingilia Ajira Portal, mama anaskani kitambulisho cha NIDA. Hakuna kati yao aliyebonyeza "nakubali". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sidhani kama mwenye chumba amewahi kuwaza kwamba gemu la usiku linahusiana na kitambulisho cha asubuhi.

Na hofu hii haikuzuliwa. Mwaka 2013 iligundulika kwamba programu ya mtandao wa mashindano wa ESEA, ambayo wachezaji waliiweka ili kuzuia kuchiti, ilikuwa inachimba bitcoin kwenye kompyuta zao kwa siri, kompyuta kama 14,000, kazi ya mfanyakazi wa ndani. Kampuni ikamalizana na jimbo la New Jersey kwa makubaliano ya dola milioni moja. Mwaka 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyochukua kipande cha ulinzi cha gemu la Genshin Impact na kukitumia kuzima antivairasi kwenye mashine za watu ambao hata gemu lenyewe hawakuwa nalo. Halafu Julai 19, 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, ambayo haihusiani na gemu lakini inakaa kwenye kiini hichohicho, lilizima kompyuta kama milioni 8.5. Kiini si mahali pa kumweka kila mgeni anayesema amekuja kulinda.

Kuna na suala la mashine zenyewe. Vanguard kwenye Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoletwa huku hazina, na Windows 10 yenyewe iliachwa na Microsoft Oktoba 2025. Adhabu nazo zimetengenezwa kwa mtu mwenye mashine yake: mchitaji akikamatwa, mara nyingine kinachofungiwa ni kompyuta yenyewe, si akaunti yake tu. Mmoja anawasha skripti saa tano usiku, kesho yake vijana wote wanaokalia kiti hicho hawaingii. Kufungia anwani ya mtandao ndiyo kabisa, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unafungia mtaa.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani kati ya mchitaji na kampuni, nasema skripti ya kwenye pambano haina utetezi, na kampuni zinazotaka funguo za mashine nzima ili kuizuia hazijamaliza kwanza kazi yao ya kuficha kinachopaswa kufichwa na kutega mitego kwenye ua wao wenyewe.

Nina huruma na aina moja tu ya skripti, ile ya kazi za kuchosha. Gemu za mkakati za kwenye kivinjari, Travian kwa mfano, huchezwa saa 24 kwa miezi. Anayelala anaporwa. Ushindi unahitaji kutuma vikosi vilevile kwenye vijiji vilevile, tena na tena, hata saa tisa usiku. Hapo mashine inafanya kazi ya karani, na kampuni inalijua hilo vizuri, maana Travian yenyewe inauza kwa fedha huduma ya Gold Club yenye orodha ya uporaji inayopunguza kubofya kote huko. Roboti ya bure ni kosa, ya kulipia ni huduma. Tribal Wars angalau walijaribu kuweka mstari unaoeleweka: skripti zilizokubaliwa zinaruhusiwa, mradi mbofyo mmoja ulete tendo moja. Gemu ambalo bingwa wake ni yule asiyelala limewaita watengeneza roboti lenyewe, na heri litoe msaada huo kwa wote au liuondoe kwa wote.

Turudi kwa zile za pambano. Kijana anayetumia skripti huku kwetu ni nadra kuwa ameiandika. Ameinunua kwa mwezi, au amepakua ya bure iliyovunjwa, na hiyo ya bure karibu kila mara inaanza kwa kumwambia azime antivairasi. Kwenye kompyuta ya HESLB, tena. Sielewi kwa nini hilo haliwatishi wenye vyumba kuliko kufungiwa. Anayefaidi yuko mbali, na huko mbali sheria zimeanza kumfikia: Riot iliwashtaki waliokuwa nyuma ya LeagueSharp, programu ya kuchitia League of Legends, mwaka 2016, na mwaka uliofuata kesi ikaisha kwa dola milioni 10. Korea Kusini ilipitisha sheria Desemba 2016 inayomlenga mtengenezaji na msambazaji, hadi miaka mitano jela au faini ya won milioni 50. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazungumzia kuingia kwenye mifumo bila ruhusa na ulaghai wa kompyuta. Sitamani kuona mtoto wa kidato cha nne akifikishwa mahakamani kwa kugeuza mtu mnyama kwenye Dota. Muuzaji, hilo ni lingine.

Na wale wachache wanaoziandika kweli, ambao nawajua wapo, hasa vyuoni, wana viwanja vyao ambako skripti ndiyo mchezaji halali. Mashindano ya AIIDE yamekuwa yakipambanisha programu kwa programu kwenye StarCraft ya zamani tangu mwaka 2010, kupitia kiunganishi cha BWAPI ambacho yeyote anaweza kukipakua. Kuna Screeps, gemu la mkakati ambalo huchezi kwa kipanya, unaandika msimbo na jeshi lako linafuata hata ukiwa umezima kompyuta. Ping ya Mtwara haimwumizi mtu hapo. Kijana anayesema skripti yake ni kipaji aipeleke kule ikapambane na skripti za wenzake, tuone.

Kwa waandaaji wa mashindano madogo ya huku, Mtwara na Lindi, ambao wanaweka kiingilio cha elfu tano na zawadi ya kishikwambi, sioni sababu ya kuendelea kuwachezesha watu kila mmoja kwake. Dota 2 inaruhusu mechi kuendeshwa kwenye kompyuta iliyo chumbani humohumo, ping ikawa karibu na sifuri kwa wote, na hoja ya Chuno ikakosa pa kusimama. StarCraft II haina njia ya watu kupambana bila intaneti, Blizzard iliyoitengeneza ililalamikiwa kwa hilo hata kabla gemu halijatoka mwaka 2010, ila hata hapo watu wakikaa chumba kimoja wanagawana ping ileile mbovu, mbovu kwa usawa. Rekodi zote zihifadhiwe, na aliyefungwa awe na haki ya kuomba ya mpinzani wake ichezwe taratibu mbele ya watu, kwa jicho la mchezaji, kabla zawadi haijatoka. Kompyuta ziwe za mwandaaji, zimesafishwa siku moja kabla. Na vipanya pia viwe vyake, kwa sababu vipo vinavyobeba makro, yaani mfululizo wa mibofyo uliopangwa tayari, ndani ya kumbukumbu yavyo vyenyewe, unachomeka tu na kuendelea kuchiti kwenye kompyuta safi. Anayesema hawezi kucheza bila kipanya chake akabidhi kikaguliwe mapema, asubuhi, si dakika tano kabla ya fainali.